Mtungi wa Mwa Mbuyi

Ngalula alikuja kwangu hapa Ruashi Jumanne asubuhi akiwa na chupa ya plastiki iliyojaa pombe, akaiweka mezani katikati ya birika la chai na mikate, mbele ya mwanamke wa Kiislamu aliyepita miaka themanini na ambaye hajawahi kulamba hata tone la kitu hicho. Nilimwambia kwanza aifunike na kitambaa, maana majirani zangu wana macho na midomo. Halafu nikampa pole tena. Mama yake, Kabanga, rafiki yangu wa ujana, alifariki Mbuji-Mayi, huko Kasai, mwezi uliopita. Kabla ya kufa alimwomba binti yake kwa simu jambo moja tu: siku ya kuondoa matanga hapa Lubumbashi, watu wapewe pombe ya mahindi kama ile ya bibi yake Ngalula, ile angavu, wala si bia ya kiwandani. Ngalula alikuwa ameshaipika mara mbili, na mara zote mbili imemshinda. "Mama Zaina, nafanya yote vile mama alinielezea," alisema, "lakini inabakia tu na vumbi ndani. Alisema niulize mweye. Alisema ni mweye tu munabakia wa kuijua."

Niliinua chupa kwenye mwanga wa mlango. Ilikuwa na ukungu kama maji yaliyooshewa mchele. Nilimwuliza alikuwa ameuweka wapi mtungi, akasema hana mtungi, ana ndoo yenye kifuniko, na ndoo iko jikoni, upande wa barabara. Nikamwuliza kama malori ya mawe ya mgodi hupita hapo. Alicheka, akasema yanapita mchana kutwa mpaka vikombe vinacheza kabatini. Mimi sikucheka. Nilijua palepale ugonjwa wa pombe yake, na nilijua nimeujulia wapi, na kwa muda nilitamani arudi kwake na chupa yake aniache ninywe chai. Nilikuwa nimezungumza na Kabanga kwa simu labda mara sita tangu binti yake alipokuja kunitafuta miaka michache iliyopita. Tuliongea habari za wajukuu, magoti, bei ya unga. Mtungi hatukuutaja. Kila tulipoagana nilijiambia kwamba nitamwambia wakati mwingine, na sasa huo wakati mwingine haupo tena.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu Katanga ijitenge, mji ukiitwa bado Elisabethville, nami nilikuwa na miaka kumi na saba. Habari za ukoo wetu na safari ya wazee kutoka Maniema naziacha, wengine wamezisimulia vizuri kuliko mimi na kwa chumvi nyingi zaidi. Inatosha kusema kwamba nilikaa Kamalondo kwa baba mkubwa, fundi wa kushona kanzu na suti, mtu mpole aliyeongea na watu huku sindano ziko mdomoni. Kabanga nilikutana naye kwenye darasa la ushonaji la wasichana. Alinizidi miaka miwili, kwa hiyo nilimwita yaya, yaani dada mkubwa, na tulipotoka darasani nilimfuata kwao komini ya Kenya, mtaa wa upande wa pili wa reli, nikakaa huko mpaka jua lianze kushuka. Nyumba yao ilikuwa vyumba viwili na ua. Chumba cha mbele kilikuwa na meza, viti vinne visivyofanana, kabati la vioo lenye glasi, na kwenye kona iliyo mbali na dirisha, mtungi.

Mama yake Kabanga alikuwa mjane kutoka Kasai. Watu walimwita Mwa Mbuyi, jina wanalopewa kwao wanawake waliozaa mapacha. Mbuyi ni yule anayetangulia kuzaliwa na Kabanga ni anayefuata. Mbuyi wake alikufa bado mchanga, lakini jina la mama halifi na mtoto, na Mwa Mbuyi kila alipomimina kitu alimimina vikombe viwili, kimoja cha anayekunywa na kingine kidogo cha yule aliyeondoka. Alikuwa mwanamke mnene, mwepesi wa kutania. Alinitania kwa sababu ya dini yangu, akasema Mungu wangu amenipa pua ya pombe akaninyima koo lake. Na ni kweli nilikuwa na pua. Nilimsaidia kuotesha mahindi chini ya magunia yenye maji, kuyaanika, kuyatwanga yawe kimea, kukoroga uji kwenye sufuria kubwa, na siku pombe ilipochachuka nilishika upande mmoja wa mfuko wa unga tukachuja. Nilijua kwa harufu tu kama imefika. Chakula changu alikitenga, bukari, ugali wetu wa huku, na mchicha wa lengalenga na samaki mkavu, akasema mtoto wa Waislamu asirudi kwao na nyama ambayo hakuna anayejua ilichinjwa na nani.

Kazi kubwa ilianza baada ya kuchuja. Pombe iliyochujwa bado ilikuwa nyeupe, nzito, na wapikaji wengi wa mtaani waliiuza hivyohivyo. Mwa Mbuyi aliita hiyo chakula cha nguruwe. Alifukia tako la mtungi kwenye mchanga uliolowa, akafunga mdomo kwa kitambaa, akaacha siku tatu. Siku hizo hakuna aliyeruhusiwa kutwanga ndani ya ua, wala kuburuta kiti. Siku ya tatu alichota juujuu kwa kata, polepole, mkono wake ukishuka kama anayemlaza mtoto, akaacha mashapo yote chini. "Pombe haisafishwe na muntu," aliniambia. "Inajisafisha yenyewe. Weye kazi yako ni kuiacha." Alipoimimina kwenye glasi ilikuwa na rangi ya chai isiyo na maziwa, na ukiweka kidole nyuma ya glasi uliona mpaka mistari ya ukucha.

Mwaka ule maneno ya barabarani yalikuwa mabaya. Tukiwa tunachuja, tuliwasikia watu wakipita nje ya ua wakisema kwa sauti ya kusudi kwamba Waluba wa Kasai warudi kwao, kwamba wamekula kazi zote, kwamba siku yao inakuja. Mwa Mbuyi aliendelea kukamua mfuko. Jirani mmoja aliyekuwa akinywa kwake kila Jumapili aliacha kuja, halafu akaacha kusalimu. Usalama pekee uliokuwa ukionekana ulikuwa Chansa. Huyu alikuwa seremala, kijana mrefu mwenye aibu, watu wake wenyeji wa Kambove, humuhumu Katanga, na alimpenda Kabanga kiasi cha kusahau nyundo mkononi anapomwona. Angemwoa, Kabanga angekuwa mke wa mtoto wa nchi, katika nyumba ambayo vijana wenye fimbo wasingeigonga. Mwa Mbuyi hakulificha jambo hilo. Alisema mbele yangu huku akichambua mboga: "Mi nilishamaliza yangu. Lakini huyu abakie na mulango wake wa kufunga."

Chansa alikuwa amelelewa na shangazi yake wa Kambove, na shangazi hakumtaka mwanamke wa Kasai, hasa mwaka ule. Chansa alibembeleza mpaka akakubali kuja Jumapili moja na wazee wawili. Kwao kulikuwa na desturi, na Mwa Mbuyi aliifahamu kwa sababu kwao haikuwa mbali na hiyo: wageni wa kuposa hupewa pombe ya nyumbani, na mwanamke mkubwa kati yao huinua glasi ya kwanza kwenye mwanga wa mlango na kuweka kidole nyuma yake. Akikiona kidole, wanakaa na maneno yanaanza. Asipokiona, wanainuka, kwa sababu kumpa mgeni mashapo ni kumwambia kwamba hatakiwi. Mwa Mbuyi aliposikia kwamba shangazi ataifuata desturi hiyo alicheka kwa furaha. Alisema katika mitihani yote ya dunia wamemchagulia ule ambao hawezi kuanguka.

Akaanguka. Nyumba yao ilipakana na barabara ambayo malori ya askari yalianza kupita, ya huku na ya kule, asubuhi hadi jioni, na kila yalipopita glasi zililia kabatini. Siku ya tatu pombe ilikuwa na ukungu, na siku ya tano pia. Aliuhamishia mtungi chumbani, akaongeza mchanga, akauzungushia magunia yenye maji, akachuja upya. Mwishowe alipiga magoti akaweka kiganja sakafuni, akakaa hivyo lori likipita. "Udongo iko inatetemeka," alisema. "Haina nguvu ya kutulia." Sikuwahi kumwona na uso ule. Alianza kupika nyingine, maana siku zilikuwa zimebaki chache, lakini wote watatu tulijua hakuna faida ya kuipika upya kama italala palepale.

Ndipo nikasema mimi. Nyuma ya karakana ya baba mkubwa kulikuwa na stoo ya mikeka na vitambaa, sakafu ya simenti, baridi kama kisima, mbali na barabara yoyote ya malori. Mwa Mbuyi aliniangalia. "Na baba yako mukubwa? Ni muntu wa musikiti." Nikasema nimeshamwuliza na amekubali. Sikuwa nimemwuliza. Nilikusudia kumwuliza jioni ileile, lakini alikuwa na mgeni. Kesho yake nilikusudia tena, nikamkuta na sindano mdomoni akinung'unikia bei ya vitambaa. Hivyo ndivyo uongo wangu wa kwanza ulivyokuwa, uongo niliotaka kuugeuza kweli kabla mtu hajaujua.

Alhamisi tuliupeleka mtungi, na pombe mpya ndani, kwa pusupusu, mimi na Kabanga tukiusukuma mkokoteni huo hatua kwa hatua, juu tumetandaza nguo za kushona. Mtungi ule ulikuwa wa mama yake Mwa Mbuyi. Alikuja nao kutoka Kasai akiwa ameupakata kwenye treni safari nzima. Baba mkubwa alikuwa mjini. Tuliuweka kwenye kona ya stoo, kwenye beseni la mchanga, nikaufunika na kitambaa cheupe cha kanzu. Jumamosi asubuhi niliingia peke yangu, nikachota kidogo, nikaweka kidole nyuma ya glasi. Nilikiona. Nilikiona chote, na alama ya sindano kwenye ncha yake. Nilicheka peke yangu mle ndani kama mwehu, kwa sababu nilimwona Kabanga ameolewa. Mpango ulikuwa nichote yote mimi mwenyewe baada ya adhuhuri, niijaze kwenye chupa mbili kubwa, maana mtungi ukisukumwa tena ungevurugika.

Kabla ya adhuhuri walifika wazee wanne kwa baba mkubwa, kwa dua ya mtu aliyefariki, na mikeka ya wageni ilikuwa stoo. Nilikuwa jikoni niliposikia mlango ukifunguliwa. Nilipofika alikuwa amesimama mbele ya mtungi, kitambaa kiko mkononi mwake, na wazee wawili wako nyuma ya bega lake. Aliniuliza ni ya nani. Hakupaza sauti. Ningesema: ya Mwa Mbuyi, baba, kuna binti anaposwa kesho na maisha yake yako humu. Alimfahamu Mwa Mbuyi, alimheshimu, alimshonea Kabanga blauzi bila kumtoza. Lakini niliwaona wale wazee wakiniangalia, nikaona haya, haya ya kijinga ya msichana, nikasema: "Sijue, baba."

"Haujue?"

"Sijue. Pengine kuna muntu aliileta."

Alisubiri kidogo. Namkumbuka akisubiri. Kisha akasema niitoe nje niimwage, na nikimaliza ninawe mikono na miguu kwa sabuni mara tatu kabla sijagusa vyombo vya watu. Niliimwaga nyuma ya choo, chini ya mpapai. Ilitoka kwanza ile angavu, ikaingia ardhini bila kuacha alama, halafu mashapo meupe yakabaki juu. Nilinawa kama nilivyoambiwa. Mtungi ulibaki mzima, na uzima wake ndio ulionitisha, kwa sababu nikiurudisha mzima na mtupu itanibidi niseme nani aliyemwaga. Niliubeba hadi kwenye mtaro, nikaupiga kwenye jiwe. Haukuvunjika mara ya kwanza. Nikaupiga tena.

Nilikwenda kwa kina Kabanga na vigae vitatu kwenye pindo la kitenge. Nikasema niliogopa kuchota, nikaurudisha mtungi na pombe yake, pusupusu ikateleza njiani, ukaniangukia miguuni. Kabanga aliniangalia, akachukua ufagio, akatoka uani ingawa ua ulikuwa umeshafagiwa. Mwa Mbuyi alipokea vigae kimoja kimoja, akavipangusa kwa kiganja, akaviweka mapajani. Halafu akainama, akaushika mguu wangu wa kulia kwa mikono miwili, akaupapasa unyayo na vidole, kisha wa kushoto. "Haikukukata?" aliuliza. Nikasema hapana, mama. Alikaa ameushika mguu kwa muda. Kisha akanivutia kiti, akasema: "Basi, ikala. Kula." Akaniletea bukari na lengalenga, sahani ileile yangu, akakaa mbele yangu akiniangalia ninavyokula.

Jumapili waliwapa wageni ile ya kwanza yenye ukungu, iliyochujwa tena mpaka mara ya nne. Nilikuwepo, nilitandaza mimi kitambaa cha meza. Shangazi alikuwa mwanamke mdogo, nadhifu, wala hakuwa na ukali nilioutegemea. Aliinua glasi mlangoni, akaweka kidole, akatazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Aliirudisha mezani taratibu, akasema, "Aksanti, mama. Tuliona," akainuka na wazee wakainuka. Chansa alibaki ameketi. Shangazi alimwita kwa jina mara moja, naye akainuka. Nimemlaumu Chansa kwa miaka mingi, kwa sababu kumlaumu yeye kulikuwa rahisi. Na watu wawili watatu niliowahi kuwagusia habari hii wamenifariji kwamba yule mama alikuwa anatafuta sababu tu, angeipata popote. Inawezekana. Lakini sababu aliyoipata nilimpa mimi.

Wiki mbili baadaye mtaa wao ulianza kuhama. Niliwakuta barabarani na godoro kichwani, wakielekea kwenye kambi ya askari wa Umoja wa Mataifa, ambako maelfu walikuwa wakilala chini ya magunia na mabati. Nilikwenda kuwaona mara moja. Mwa Mbuyi aliniuliza hali ya baba mkubwa, akaniambia nisije tena, kuna matope na kuna magonjwa. Miezi ilipita, wakapandishwa treni ya kurudi Kasai, Kasai ambayo Kabanga hakuwahi kuiona maisha yake yote. Siku ya treni nililia kwenye karakana mpaka nikamwambia baba mkubwa kila kitu. Aliziondoa sindano mdomoni moja moja. "Juu ya nini haukuniambia?" aliuliza. "Ningeifunika na kanzu yangu mimi mwenyewe mpaka siku ya Mungu." Kazi hakufanya tena siku ile. Mwa Mbuyi alikufa huko kabla mwaka haujaisha. Kabanga aliolewa huko na mtu mwingine, akazaa, na nilivyosikia hakupigwa wala hakupendwa sana.

Hayo yote yalikuwa kifuani mwangu Jumanne ile nilipomwambia Ngalula alete ndoo yake kwangu. Chumba changu cha nyuma kiko mbali na barabara. Tuliifukia tako kwenye mchanga, tukamwaga maji, tukafunga kitambaa, nikawapiga marufuku wajukuu kukimbia ndani. Wanangu walicheka mpaka wakachoka: mama amefungua baa. Ijumaa ilikuwa bado. Jumamosi asubuhi nilishika kata mimi mwenyewe, mkono umezeeka lakini bado unakumbuka, nikachota juujuu, nikamimina kwenye glasi. Ngalula aliiinua mlangoni akaweka kidole nyuma yake. Alikiona, akaanza kulia, akisema laiti mama angeona. Ndipo nikamwambia. Nilimwambia kuhusu stoo, na "sijue" yangu, na mpapai, na jiwe la mtaroni. Nilimwambia kwamba mtungi wa bibi yake haukuanguka.

Alichukua kata mkononi mwangu akaendelea kuchota, labda ili apate kitu cha kufanya, na mkono wake ukayumba. Pombe ilimwagika kwenye miguu yangu na pindo la kitenge changu. Kata moja tu. Alikimbia kutafuta kitambaa, nami nikabaki nimesimama, na harufu ikapanda, kali, ya mkate na kimea, ikajaa chumba. Ngozi ya miguu ilianza kunata. Pindo lilining'inia zito. Nilitazama miguu yangu, na nikaihisi ile mikono miwili, ikipapasa unyayo, vidole, kisigino.

Mtungi mzima wa pombe uliniangukia miguuni, ndivyo nilivyosema, na nilifika mbele yake na miguu inayonuka sabuni. Pindo langu lilikuwa kavu. Vigae alivyopangusa kwa kiganja vilikuwa vikavu. Mwanamke aliyepika pombe maisha yake yote aliinama, akashika miguu yangu, na alijua kabla hajaniuliza kama imenikata. Kwa miaka zaidi ya sitini nimeishi nikiamini kwamba nilimdanganya. Alinikalisha, akanipa sahani nzima ya bukari, akakaa mbele yangu akisubiri niseme, ilhali Jumapili bado haijafika na baba mkubwa, ambaye angekuja mwenyewe kuwaeleza wageni, yuko hatua chache upande wa pili wa reli. Nami nikala nikamaliza.